Dawa ya Tangini na Hesabu ya Petroli

Kila bei ya petroli ipandapo, hutokea mtu mwenye kichupa mkononi. Kichupa hicho, kama si unga au kidonge, hunadiwa kwa maneno ambayo hayajabadilika sana tangu motokaa zilipoanza kuenea duniani: tia kidogo tangini, na gari lililokuwa likienda kilomita 10 kwa lita moja litakwenda 12 au 13, injini itatulia na moshi utapungua. Wanaoyasikiliza maneno hayo kwa hamu kubwa ni dereva wa teksi na dereva wa daladala, ambao kila jioni hutenga kwanza hesabu ya tajiri na fedha ya mafuta, ndipo wakatazama kilichobakia cha kupeleka nyumbani. Kwa hiyo naona ni wajibu kuyachungua madai haya kwa makini, madhali anayelaghaiwa hapa hulaghaiwa riziki ya watoto wake.

Mwaka 1916, katika mji wa Farmingdale, jimbo la New York, mzee mmoja aitwaye Louis Enricht aliwaita waandishi wa magazeti, akatia tangini maji yaliyochanganywa na umajimaji wa kijani alioutunga mwenyewe, na motokaa ikawaka ikaenda. Alidai kwamba galoni moja ya mchanganyiko wake ingegharimu senti moja tu. Siri yenyewe hakuifichua asilani, na baada ya miaka michache akahukumiwa kifungo kwa hila nyingine ya jinsi hiyo hiyo, safari hii akidai kutoa petroli katika udongo wa vinamasi. Ikapita miaka 90, na huko Texas, mwaka 2006, kampuni ya BioPerformance ikawa inauza vidonge vya kutia tangini kwa njia ya watu kuandikishana, kila mnunuzi akihimizwa kuwavuta wenziwe wawe wauzaji chini yake. Mwanasheria Mkuu wa jimbo aliishitaki, na vidonge vilipochunguzwa ikabainika kwamba ni nafthalini, yaani dutu ya vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali ambavyo hutiwa kabatini baina ya nguo ili kufukuza nondo.

Nafthalini huungua, hilo halina shaka, na katika petroli huyeyuka vizuri. Lakini lita moja ya petroli ina nishati ya kadiri ya megajuli 32, na gramu tano za nafthalini, au za kitu kingine chochote kiwakacho, zikitiwa katika tangi la lita 50, haziongezi hata sehemu moja katika elfu ya nishati iliyokwisha kuwamo. Ndiyo sababu muuzaji mwerevu hasemi kwamba dawa yake inaongeza nguvu. Husema kwamba petroli nyingi hutoka injinini bila kuungua, na kwamba dawa yake huiunguza yote. Dai hili lina sura ya elimu, na linastahili jawabu la utuvu.

Tuseme umenunua petroli ya shilingi 100. Katika injini nzima ya siku hizi, isiyo na ugonjwa, petroli ya shilingi 98 au zaidi huungua kweli kweli ndani ya silinda. Na lau sehemu kubwa ingetoka mbichi, ingeungulia katika kile kichujio cha moshi kilichoko kwenye ekzosi, nacho kingepata moto kupita kiasi hata kikaharibika. Hivyo, hata kama dawa ingekuwa na uwezo wa kuunguza kila tone, ingekuokolea shilingi mbili. Hasara kubwa iko mahali pengine: katika zile shilingi 98, kiasi cha 25 au 30 tu ndizo zinazogeuka kuwa mwendo, na zilizobaki takriban zote hutoka zikiwa joto, kwa njia ya ekzosi na ya rejeta. Joto hilo halipotei kwa sababu petroli ni mbaya. Hupotea kwa sababu ndivyo ilivyo tabia ya kila chombo kinachogeuza joto kuwa kazi, jambo ambalo Mfaransa Sadi Carnot alilieleza tangu mwaka 1824. Na wahandisi hulipunguza kwa kubadili maumbile ya injini yenyewe, kama vile mgandamizo wa silinda zake, wala hakuna kiowevu cha tangini kinachoweza kuyabadili maumbile hayo.

Wapo wanaosema kwamba dawa ya kweli ipo, ila kampuni za mafuta zimeificha. Historia inasema kinyume. Mnamo Desemba 1921, Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba kiasi kidogo cha mchanganyiko wa risasi huzuia injini kugonga, na kwa hiyo huruhusu kutengenezwa injini zenye mgandamizo mkubwa na matumizi bora ya mafuta. Kufikia Februari 1923 petroli hiyo ilikuwa ikiuzwa Dayton, Ohio, na wenye visima na viwanda vya mafuta ndio walioieneza ulimwenguni. Dawa iliyofanya kazi haikukaa mafichoni hata miaka miwili. Nayo ilikuwa sumu: wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko New Jersey walifariki mwaka 1924 baada ya kurukwa na akili, na dunia ikachelewa mno kuiacha, nchi zetu za Afrika kusini ya Sahara zikiiacha kufikia mwaka 2006, na Algeria ikiwa ya mwisho kabisa mwaka 2021.

Insafu yataka nikiri kwamba dawa za kusafisha zipo, na baadhi yake husafisha kweli. Nozeli zikiziba kwa uchafu, gari hula mafuta, na dawa nzuri yaweza kulirudishia mwendo wake. Ila hurudisha kilichopotea tu, na gari lililo safi hailiongezei kitu.

Mbona basi watu waaminifu huapa kwamba dawa imewafaa? Aghalabu mtu huinunua katika juma ambalo gari limekula mafuta kupita kawaida, na juma linalofuata lingekuwa afadhali hata bila dawa. Fauka ya hayo, aliyekwisha kutoa fedha yake huendesha kwa upole pasipo kujijua, akitazama mshale wa mafuta kila mara. Tena tangi "limejaa" leo si sawa na tangi "limejaa" juzi, maana pampu hujikata mapema au kwa kuchelewa kwa kadiri gari lilivyosimama, na lita mbili tatu za tofauti zatosha kuzaa muujiza. Anayetaka ithibati na ajaze katika pampu ile ile, apite njia ile ile, apime matangi kadhaa bila dawa, kadhaa kwa dawa, kisha kadhaa tena bila dawa, na dereva asiambiwe lini imetiwa. Huko Marekani, idara ya serikali ya kuhifadhi mazingira imekwisha kupima au kuchunguza dawa na vifaa zaidi ya 100 vya namna hii, na haikupata kimoja kilichopunguza matumizi kwa kiasi cha maana.

Fedha ya kichupa yafaa zaidi ikienda kwenye upepo wa matairi, plagi na breki zinazoshika. Na gari likianza ghafla kugonga na kukosa nguvu, dereva aishuku kwanza petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, ovu lililoifanya Tanzania ianze kutia vinasaba, yaani alama za kuyatambulisha, katika mafuta mwaka 2010, na Kenya kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuiondoa faida ya kuchanganya. Hapo abadili kituo, aitunze risiti, na apeleke malalamiko yake kwa wasimamizi wa biashara ya mafuta: EWURA akiwa Tanzania, au EPRA akiwa Kenya.