Daftari la Babu wa Makongeni

Baba yetu alipofariki, nyumba yetu ya Makongeni, Thika, ilijaa watu tangu alfajiri. Walikuja wazee waliofanya naye kazi kiwandani, jamaa wa Mombasa waliosafiri usiku kucha, na vijana aliowasomesha alifu na bee barazani pake. Kwetu sisi wanawe alikuwa Baba. Kwa mtaa mzima alikuwa Babu.

Alitoka pwani angali kijana kufuata kazi, kama wengi walioujaza mji huu wa viwanda. Hakurejea, lakini pwani hakuiacha: kanzu ya Ijumaa ilipigwa pasi tangu Alhamisi, na hakuna mjukuu aliyepewa chai kabla ya kutoa shikamoo.

Mama alipoketi eda yake ya miezi 4 na siku 10, alimkabidhi kaka yetu mkubwa daftari. Ukurasa wa kwanza uliorodhesha madeni ya marehemu, hata ya sukari dukani. Wa pili ulikuwa wasia.

Ndugu yetu mmoja alitangulia mbele ya haki kabla ya Baba, akaacha mayatima watatu waliolelewa na babu yao. Wengi hudhani mayatima hurithi fungu la baba yao. Katika mirathi yetu ya Kisuni sivyo: ami zao wakiwa hai, wajukuu huzuiliwa. Lakini Sharia imeacha mlango wazi. Mtu aweza kumuusia asiyekuwa mrithi hadi thuluthi ya mali yake, na Mtume (S.A.W.) alimweleza Saad bin Abi Waqqas kwamba hata hiyo thuluthi ni nyingi. Baba aliwaandikia wale watoto robo, mbele ya mashahidi wawili.

Sitaficha kwamba palikuwa na minong'ono. Nyumba ni moja, warithi ni wengi, na robo si kitu kidogo. Mama alisikiliza kutoka chumbani, kisha akauliza: “Usiku watoto hawa walipomlilia baba yao, nani aliyeamka kuwabembeleza?” Hakuna aliyejibu.

Basi utaratibu ukafuatwa: madeni yakalipwa kwanza, wasia ukatekelezwa, ndipo mafungu yakagawanywa. Mama alipata thumuni yake. Wana wa kiume na sisi mabinti tukapata tulichowekewa na Surat An-Nisaa. Leo mayatima wale wangali chini ya paa lile lile, na ami zao huja kuwajulia hali bila kinyongo.

Dada msomaji, tunawakumbuka wazee wetu kwa khitima na dua, na ni vyema. Lakini ikiwa baba yako yu hai, na nyumbani mwenu mna mjukuu aliyefiwa na mzazi, keti naye kwa adabu umwulize habari ya wasia. Si uchuro kuuliza. Baba yetu aliandika kurasa mbili tu, nazo zilituepusha kufikishana mahakamani.

Mola amrehemu, ailaze roho yake pema, na awarehemu wazee wetu wote. Amin.