Keja za Ocha Uingereza: Vile Wakulima Walihepa Ushuru wa Madirisha na Matofali

Unadhani kuchorea watu wa ushuru ni stori ya Nairobi pekee? Cheki zile keja za zamani za wakulima Uingereza, za matofali mekundu, paa la vigae na bomba kubwa la moshi. Ukuta wenyewe utakuambia serikali ilikuwa inakamua watu wapi na mwenye shamba alijitetea aje.

Anza na madirisha

Mwaka wa 1696 serikali ilianza kutoza nyumba kulingana na idadi ya madirisha. Yakiwa mengi, unalipa zaidi. Wasee wakapiga hesabu: ziba dirisha kwa matofali, doo ibaki mfukoni. Noma ni kwamba chumba kinabaki giza, hewa haipiti, na kuna watu wanalala humo. Madaktari walilalamika sana, na ushuru huo ukafutwa 1851.

Wakulima walikuwa na njia yao, tena halali. Chumba cha maziwa na stoo ya jibini havikuhesabiwa, mradi viwe na jina. Kwa hivyo mwenye shamba aliandika juu ya mlango kwamba hapa ni pa maziwa au pa jibini. Kuna nyumba ambazo maandishi hayo yapo mpaka leo.

Lakini usikimbilie kusema kila dirisha lililozibwa ni la ushuru. Mengine yalijengwa hivyo tangu mwanzo ili upande wa mbele ulingane kushoto na kulia.

Sasa pima tofali

Mwaka wa 1784, serikali ya Mfalme George III ilikuwa na madeni ya vita vya Marekani. Ikatoza ushuru kwa kila matofali elfu moja. Shida ni kwamba ilihesabu idadi, sio ukubwa. Wenye tanuri wakajipanga: tofali likanenepa. Joseph Wilkes wa Measham, Leicestershire, alitoa matofali karibu mara mbili ya yale ya kawaida. Serikali ikashtuka, na 1803 matofali makubwa yakaanza kutozwa mara mbili. Ushuru huu nao ulikufa 1850.

Halafu zunguka nyuma

Mbele ndipo wageni wanapitia, kwa hivyo doo ilimwagwa hapo. Utaona matofali safi, ubavu mrefu na kichwa kifupi vikipokezana kwenye kila mstari. Mpangilio huo unapendeza, lakini unakula matofali mazuri mengi. Ukizunguka nyuma, mara nyingi utapata matofali ya bei ya chini, na fundi hakujisumbua na urembo.

Kwa hivyo siku utaona keja kama hiyo, kwa muvi ama ukiwa huko majuu, hesabu madirisha kwanza. Ushuru ulifutwa kitambo, lakini kuna madirisha hayajawahi kufunguliwa tena.