Ndege Wasafiri Katika Bustani ya Miti ya Nairobi

Watu wengi wapitao karibu na Ikulu ya Nairobi waijua bustani ya miti iliyo jirani yake, nao huingia humo kupumzika kivulini. Lakini si wengi wajuao kwamba kila mwaka, tangu Septemba hata Aprili, matawi yake huwapokea wageni watokao Ulaya na Asia ya kaskazini.

Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1907 na Bwana Battiscombe wa idara ya misitu. Wakati ule gari la moshi lilikuwa likila kuni nyingi, na miti ya asili ilikuwa ikipungua. Kwa hiyo miti ya nchi za kigeni ilipandwa hapo ili ijulikane ni ipi ikuayo upesi. Leo mna zaidi ya aina 300 za miti, ya kigeni na ya kienyeji.

Wageni wenyewe ni akina nani? Yuko mmoja mdogo, rangi yake kama jani lianzalo kukauka, apekuaye majani akitafuta wadudu. Uzito wake ni karibu gramu 10, hauzidi ule wa barua moja, naye amevuka majangwa kuja kwetu. Yuko mwingine wa kijivu mwenye kofia nyeusi. Kofia ya jike lake ni ya hudhurungi. Wa tatu huketi wima juu ya tawi kavu, akaruka ghafula kumnasa mdudu hewani, kisha akarudi. Na juu angani hupita mbayuwayu na makundi ya keremkerem.

Wanalolikimbia si baridi tu, bali ni njaa, maana majira ya baridi yafikapo kwao wadudu huadimika. Wengi wa hao wadogo husafiri usiku, wakiongozwa na nyota na nguvu ya sumaku ya dunia.

Zamani wako watu wa Ulaya waliodhani kwamba mbayuwayu hujificha ndani ya matope wakati wa baridi. Lakini Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza, na Desemba 1912 akakamatwa Natal, Afrika ya Kusini. Hapa Kenya kazi ya kuwavisha ndege pete imefanywa Ngulia, katika Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969. Usiku wa ukungu taa za huko huwavuta ndege wapitao juu. Hunaswa kwa nyavu, huvishwa pete yenye namba, kisha huachiliwa.

Apendaye kuwatazama na afike asubuhi mapema, akivaa nguo zisizong'aa. Asimame kimya chini ya mti mmoja, asikilize kwanza, ndipo atazame. Darubini husaidia, lakini mwenye subira aweza kuona mengi bila hiyo. Yafaa pia kuandika tarehe na aina za ndege alizoziona. Baada ya miaka michache daftari hilo litamwonyesha kama wageni wanazidi au wanapungua.

Jambo hili si mchezo tu. Kabla ya kurudi kwao mwezi wa Machi na Aprili, ndege hawa hula mpaka wakanenepa, kwa kuwa mafuta ya mwilini ndiyo petroli ya safari yao. Ndege akikuta mti umekatwa, wadudu wameuawa kwa dawa, au mtoto yuko tayari na manati, huenda asifike tena kwao kutaga mayai. Hivyo shoka lipigwalo Nairobi laweza kupunguza nyimbo katika kijiji cha mbali sana.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hangoji kupewa; tangu siku ya kwanza hushika kazi ya kuwala wadudu waharibuo majani yetu. Ujira autakao ni mti tu wa kutua.