Mkupuo wa miezi sita unavyoifungia familia mlango Kizota

Kila shida ya nyumba Dodoma inapozungumzwa, takwimu zinazotangulizwa ni za sensa: watu 410,956 mwaka 2012, na 765,179 mwaka 2022. Maofisa hutoa humo jibu moja, kwamba viwanja vikizidi kupimwa na nyumba zikizidi kujengwa, kodi itashuka yenyewe. Kwa Kizota, kata mojawapo ya jiji hilo, jibu hilo ni jepesi mno. Ujenzi umeshamiri tangu Serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, lakini familia inayotaka vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko na uzio bado inahangaika. Kinachoikwamisha zaidi ni kudaiwa kodi kwa mkupuo. Tuchukue nyumba ya shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, yaani 1,800,000, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja. Hapo ni milioni mbili na laki moja kabla hata godoro halijapakiwa, mbali na hela ya kuonyeshwa nyumba ambazo hazikufaa. Kuhama kukiangukia Januari, ada na sare za watoto nazo zinasubiri. Mwenye mshahara anayeweza kutoa laki tatu kila mwezi hana pa kuzitoa hizo milioni mbili na ushee kwa mara moja, ila kwa kukopa. Mwenye nyumba akikosa familia ya kulipa mkupuo huo, huigawa nyumba na kupangisha chumba kimoja kimoja, wapangaji wakachangia mita moja ya umeme ya LUKU na kugombania uniti.

Wenye nyumba wana hoja, na ni nzito. Wengi wamejenga kwa kudunduliza, na mkupuo ndio unaonunua bati na marumaru. Msikilize dalali yeyote atakwambia mpangaji wa mwezi kwa mwezi akikwama, kumtoa ni vita. Lakini hofu hiyo ingetulizwa na amana ya mwezi mmoja au miwili. Haidai miezi sita. Tatizo ni kwamba Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, na mkataba ukabaki mikononi mwa mwenye nguvu. Huenda treni ya SGR, iliyofika Dodoma mwaka 2024, ikaongeza wapangaji. Huenda pia watumishi wa Mji wa Serikali wa Mtumba, upande wa pili wa jiji, wakapanga karibu na ofisi na kuipunguzia Kizota presha. Hata hivyo, nyumba zikiongezeka huku mkupuo ukibaki, atakayenufaika kwanza ni mwenye fedha taslimu.