Viroboto wa Bamia na Namna ya Kuwadhibiti

Wanafunzi wetu wapenzi, wengi wenu huko Mbagala, Tegeta, Bunju na kwingineko mna vijaruba vya mboga kando ya nyumba, na zipo familia ambazo daftari na nauli hutokana na mafungu anayouza mama barazani. Kwa ajili hiyo tumeona tumzungumzie mdudu mdogo anayewatia wengi hasara.

Mdudu huyu ni jamii ya mbawakawa, urefu wake milimita 2 hadi 4 tu. Si kiroboto kama yule wa paka, ila ameitwa hivyo kwa kuwa miguu yake ya nyuma ni minene, na ukimsogelea anaruka. Jani analolila hubaki na matundu madogo ya mviringo mithili ya chekeche. Ama ukikuta majani ya mchicha yamekunjwa na kushikizwa kwa utando, siye. Hao ni viwavi. Tunalitaja hili kwa sababu wengi hukimbilia duka la pembejeo kabla ya kumjua adui.

Wapo wa aina nyingi. Wanaokula chainizi na figili ni wengine, na wa bamia ni wengine. Hawa wa bamia, ambao wataalamu huwaita Podagrica, hupenda ukoo mzima wa bamia: pamba, rozela, hata haibiskasi tunazopanda uani kwa mapambo. Hivyo basi, anayeshughulikia bamia peke yake na kuacha ua lililojaa wadudu hatua mbili pembeni, atawaona tena.

Hatari kubwa ni wiki za mwanzo, hasa jua likiwa kali. Mche wenye majani mawili matatu hukauka, lakini mmea mkubwa huvumilia matundu. Panda mbegu 3 za bamia kila shimo, kisha ubakize mche wenye nguvu. Miche ya chainizi ifunikwe kwa wavu mwembamba, kingo zifukiwe udongoni. (Chandarua cha kulalia kibaki kitandani, malaria ni mbaya kuliko viroboto.) Mabuu yao hukaa ardhini wakila mizizi, kwa hiyo usifunike pale palipokuwa na mboga za ukoo huohuo msimu uliopita, usije ukawafungia ndani.

Dawa ya mwarobaini inasaidia. Twanga gramu 50 za kokwa zilizokaushwa kivulini, loweka katika lita 1 ya maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo. Nyunyizia jioni, maana jua huiharibu, na urudie baada ya mvua.

Kuhusu dawa za dukani, iwe ile iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na lebo yake isomwe mpaka mwisho. Humo mna siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mboga iliyopuliziwa jioni na kuuzwa asubuhi haina alama yoyote machoni pa mnunuzi; anayejua ni muuzaji tu, na ghushi mmekwisha kuisoma katika mlango wa biashara. Mama akiwa hasomi lebo, msomeeni nyinyi.

Bamia lenyewe likiwa zima, ingawa majani yametobolewa, linafaa kuchumwa na kupikwa.