Barua ya Gerezani Ina Wenyewe Wawili
(Sehemu ya pili)

Juma lililopita tuliishia mlangoni mwa gereza, mahali ambapo barua hupokelewa, hufunguliwa na kusomwa kabla haijamfikia aliyeandikiwa. Kazi hiyo imo mikononi mwa uongozi wa gereza tangu Sheria ya Magereza ya mwaka 1967, na kabla ya hapo ilikuwa ya mkoloni. Leo tuingie kwenye swali lililobaki: barua ikizuiwa, nani mwenye haki ya kulalamika?

Chukulia mama wa Ruponda, Nachingwea. Mwanawe amefungwa kwa wizi, naye mama ana habari tatu za kumpelekea: ufuta umeshauzwa mnadani, mikorosho imeanza kutoa maua, na ami yake ameanza kulima ndani ya mpaka wa shamba lao. Anamwita mjukuu aandike. Barua inafika gerezani, askari wa zamu anaisoma, na habari ya shamba inamtia wasiwasi. Huenda mfungwa akachafukwa na roho. Au barua imeandikwa Kimwera kutoka mwanzo hadi mwisho, na aliye zamu ni mtu wa Mara. Inawekwa kando. Mfungwa hajui kwamba aliandikiwa. Mama hajui kwamba haikufika. Anadhani mwanawe amemnunia.

Wengi wetu tukiulizwa nani kanyamazishwa hapo, tutamtaja mfungwa. Na kwa kuwa mfungwa ni mtu aliyehukumiwa, tunafunga mjadala: angetaka barua asingeiba. Lakini mama hakuiba. Hana kesi, hana hukumu, na maneno yaliyobaki mezani kwa askari ni yake.

Hoja hiyo si ya kwangu. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Procunier dhidi ya Martinez, ilichunguza kanuni za magereza ya California zilizokataza hata barua zenye malalamiko yaliyozidi. Majaji waliacha kubishana kuhusu haki zipi zinambakia mfungwa, wakamtazama aliye upande wa pili wa bahasha. Wakasema haki yake haipotei kwa sababu ndugu yake yuko ndani. Wakaridhia taratibu tatu: mfungwa aarifiwe barua inapokataliwa, mwandishi apewe nafasi ya kupinga, na malalamiko yasikilizwe na ofisa mwingine, si yule aliyeikataa. Haki haikwenda mbele tu; mwaka 1989, katika kesi ya Thornburgh dhidi ya Abbott iliyohusu vitabu na majarida, mahakama hiyohiyo iliwalegezea kamba wakuu wa magereza kwa maandishi yanayoingia kutoka nje. Huko Ulaya, kesi ya Silver dhidi ya Uingereza ya mwaka 1983 ilikuwa na walalamikaji saba, na mmoja wao, mwanamke, hakuwa mfungwa. Serikali ilishindwa kwa sehemu kubwa kwa sababu masharti mengi ya kuzuia barua yalikuwa yamefichwa ndani ya maagizo ya ofisini ambayo umma haukuruhusiwa kuyaona. Utatiije sharti usilolijua?

Hapa kwetu hatuhitaji kuazima sana. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa mawasiliano na haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Ni kweli ibara ya 30 inaruhusu sheria kuzibana haki hizo kwa ajili ya usalama na masilahi ya umma. Ila Mahakama ya Rufani, katika shauri la Daudi Pete mwaka 1991 na la Kukutia Ole Pumbun mwaka 1993, iliweka kipimo ambacho kila wakili wa nchi hii anakijua: sheria inayobana haki isiache mwanya wa uonevu, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na isibane kuliko inavyolazimu. Ipime barua ya mama yetu kwa mizani hiyo. Kuisoma ili kuona kama ina mpango wa kutoroka au vitisho kwa shahidi, sawa. Sina ugomvi na hilo, na asiyelielewa hajawahi kuishi jirani na gereza. Kuizuia kimya kimya, bila sababu wala taarifa, kinga iko wapi?

Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema vivyo hivyo. Kanuni ya 58 inaruhusu barua za ndugu na marafiki, chini ya uangalizi unaohitajika. Ya 61 inakataza kabisa kuchuja mawasiliano ya mfungwa na wakili wake. Ya 63 inataka wafungwa wapate habari, magazeti yakiwemo. Jina la kanuni hizo si pambo. Alipofika Robben Island mwaka 1964, Mandela aliruhusiwa barua moja kwa miezi sita, ya maneno 500, nazo zilichujwa. Akazoea kunakili barua zake kwenye madaftari; nayo yakachukuliwa. Mwaka 2004 aliyekuwa askari wa usalama alimrudishia mawili.

Kenya nako, mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa Machi 1969 kwa kijikaratasi cha “Kenya: Twendapi?”, akakaa ndani hadi 1972, muda mwingi peke yake, bila ruhusa ya kuandika. Mashairi yake yalitoka gerezani yakiwa kwenye karatasi za chooni, na aliyeyapitisha alikuwa askari. Mwaka 1973 yakachapwa kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Ngugi wa Thiong'o naye, katika gereza la Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya nzima kwenye karatasi za aina hiyo.

Lakini hao ni waandishi, na sisi tunawakumbuka kwa sababu karatasi zilitoka. Wako ambao hakuna kilichotoka. Hapa jirani, kambini Nachingwea kwa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, mwaka 1975 Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa chama hicho, alilazimishwa kusoma hadharani maungamo yaliyoandaliwa. Akapelekwa Msumbiji, na baadaye akauawa bila kesi. Kwa miaka mingi jamaa zake hawakuambiwa aliuawa lini wala amezikwa wapi.

Turudi kwa mama. Marekebisho ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi, Sura ya 3, yaliyofanywa mwaka 2020, yalimtaka mlalamikaji aonyeshe kwa kiapo kwamba yeye mwenyewe ameathirika. Wanaharakati waliyalaani, na walikuwa na sababu. Kwa barua ya gerezani, hata hivyo, hata mlango huo mwembamba ungemtosha mama kupita, maana barua ni yake. Lakini asikimbilie Mahakama Kuu Mtwara siku ya kwanza. Aanze kwa kumwandikia mkuu wa gereza, kwa adabu, aulize barua ya tarehe fulani iko wapi na kwa sababu gani. Akikaa bila jibu, aandike Makao Makuu ya Magereza, kisha Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Msaidizi wa kisheria, ambaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua, anaweza kumsaidia katika hayo yote bila malipo.

Na barua yenyewe aipeleke posta kwa rejista. Mjukuu ainakili kwanza kwenye daftari la shule, neno kwa neno, pamoja na habari ya ami na mpaka wa shamba, kisha abandike risiti pembeni. Ukurasa huo ndio utakaoambatanishwa na kiapo.