Mimea inayopima na kusafisha maji: mafunjo ya Kampala na wenzake

Mkazi wa Kampala anapofungua bomba, sehemu kubwa ya maji anayoyapata imetoka Ziwa Victoria, na kwa miaka mingi imepitia mitambo ya Ggaba iliyo kando ya Ghuba ya Murchison. Maji hayo yakishatumika, pamoja na mvua inayosomba uchafu wa masoko, gereji na makazi yasiyo na mabomba ya majitaka, hurudi katika ghuba ile ile kupitia mfereji wa Nakivubo. Baina ya mfereji huo na ziwa kuna kinamasi chenye ukubwa wa takriban kilomita tano za mraba, na ndani yake yameota mafunjo.

Mwaka 1999 mtaalamu wa uchumi wa mazingira Lucy Emerton na wenzake walijaribu kuhesabu thamani ya kinamasi hicho. Walikadiria kwamba kazi ya kusafisha maji pekee ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka, yaani fedha ambazo mji ungelazimika kuzitumia iwapo mimea isingekuwapo.

Kazi inayofanyika chini ya mkeka

Wengi hudhani kwamba mmea hunywa uchafu, basi maji yakatakata. Hilo ni kweli kwa sehemu tu. Mafunjo, ambayo hufikia urefu wa mita nne hadi tano, ni mwenyeji zaidi kuliko mfanyakazi. Huko Nakivubo mizizi yake imesukana na kuwa mkeka mnene unaoelea, na maji machafu hupita chini yake. Maji yanapopunguza mwendo, tope hutuama.

Mabua ya mafunjo yana nafasi za hewa ndani yake, mithili ya sponji, na kwa njia hiyo hewa hushuka hadi mizizini. Bakteria wanaohitaji hewa huishi kandokando ya mizizi hiyo na kuibadili amonia itokayo katika kinyesi na mkojo kuwa naitreti. Mbali kidogo na mizizi, pasipo na hewa, bakteria wa aina nyingine huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, nayo hupaa angani. Katika miaka ya 1990 Frank Kansiime wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake waliyalinganisha mafunjo na nyasi ndefu iitwayo Miscanthidium, ambayo nayo huota Nakivubo, wakakuta kwamba mafunjo husafisha vizuri zaidi.

Fosforasi, kirutubisho kinachonenepesha mwani, haina njia ya kutokea angani. Hufyonzwa na mmea au kunaswa katika tope. Mmea ukifa na kuozea hapo hapo, sehemu kubwa ya fosforasi hiyo hurudi majini. Kwa hiyo mimea haina budi kuvunwa na kuondolewa mahali pale. Nchi za Ulaya ziliijifunza hesabu hiyo mapema: mwanabiolojia wa Ujerumani, Käthe Seidel, alianza majaribio ya kusafisha maji kwa mimea ya majini katika miaka ya 1950. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kimefanya utafiti kwa miaka mingi juu ya vinamasi vya kutengenezwa, yaani mabwawa ya kina kifupi yaliyojazwa kokoto na kupandwa matete, ambayo hupokea majitaka yaliyokwisha kutuama katika mabwawa ya kawaida.

Hata hivyo, tusidanganyane: maji yatokayo katika kinamasi, hata yakiwa maangavu, si ya kunywa. Vijidudu vya maradhi hupungua, lakini havimaliziki.

Mmea kama shahidi

Kusafisha ni nusu ya habari. Mimea hutumika pia kubaini kwamba maji yana sumu.

Msomaji aliyepita kando ya mifereji ya London wakati wa kiangazi huenda amekiona kimea kidogo kinachotandaza zulia la kijani juu ya maji. Kitaalamu huitwa Lemna. Hata kucha ya kidole ni kubwa kuliko jani lake, nacho huongezeka upesi sana. Kwa sababu hiyo maabara hukitumia kama kipimo, na mwaka 2006 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, liliidhinisha utaratibu wa jaribio hilo. Vimea vichache huwekwa katika maji yanayotiliwa shaka, na vingine katika maji safi yenye virutubisho. Baada ya siku saba majani huhesabiwa. Vikidumaa au kupauka upande mmja na kustawi upande wa pili, kuna kitu ndani ya maji, huenda dawa ya kuua magugu au madini kama shaba na kadimi. Jaribio halitaji jina la sumu. Hueleza tu kwamba ipo na inadhuru. Jina hutafutwa baadaye kwa vifaa vya gharama kubwa zaidi.

Kuna faida nyingine. Chupa ya maji iliyochotwa saa nne asubuhi hueleza hali ya saa nne asubuhi. Kiwanda kinachofungulia bomba lake usiku hakitaonekana humo. Mmea ulioishi hapo kwa majuma kadhaa hulimbikiza madini mizizini, na mizizi hiyo ikikaushwa na kupimwa hutoa ushahidi wa muda wote huo.

Gugu maji, linalochukiwa na wavuvi tangu lilipoonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, ni hodari katika kazi hiyo. Huzuia mitumbwi na kuvuruga vituo vya maji, na Uganda ililazimika kuleta mbawakavu wa kulitafuna mwaka 1995. Lakini mizizi yake hufyonza risasi, kadimi na kromi, na kustawi kwake kupita kiasi ni dalili kwamba maji yamejaa virutubisho. Yeyote anayefikiria kulivuna ili kulisha mifugo au kutengeneza mbolea anapaswa kwanza kulipima, maana madini hayateketei ndani ya mmea. Yamehamishwa tu kutoka majini.

Ukanda unaopungua

Tatizo la Nakivubo ni nafasi. Reli iendayo Port Bell inakikata kinamasi katika sehemu mbili. Sehemu ya juu imekaushwa kwa mifereji na kulimwa magimbi na miwa. Maji yakipata mfereji hukimbia, hayapiti tena chini ya mkeka kwa muda unaotosha, na magimbi yaliyooteshwa katika tope hilo yamepimwa na kukutwa na madini mazito. Ni vigumu kumlaumu mkulima asiye na shamba jingine, ila chakula chake kimeota ndani ya chujio la mji.

Mwani umeongezeka katika ghuba, na gharama ya kuyatibu maji ya Ggaba imepanda. Shirika la maji la Uganda limejenga mtambo mpya wa majitaka huko Bugolobi, na mwingine wa maji ya kunywa huko Katosi, wilayani Mukono, mbali na ghuba hiyo. Mitambo hiyo ilihitajika kwa vyovyote, kwani mafunjo hayawezi kubeba peke yake uchafu wa mji unaokua kwa kasi hiyo.

Kwa mafunjo yaliyobaki, mavuno yanahitaji utaratibu. Wasukaji wa mikeka na waezekaji huyakata kwa mahitaji yao, na kwa kufanya hivyo huondoa naitrojeni na fosforasi bila malipo yoyote. Mmea uliokatwa huhitaji miezi kadhaa kurudia urefu wake. Ukikatwa tena mapema, au mkeka wa mizizi ukichomwa moto, akiba iliyo katika shina la chini huisha na mafunjo hayaoti tena.